Maiki Zinazowatazama Watu: Mhadhara Kuhusu Live ya Blind Guardian

Habari za jioni, ndugu zangu. Leo tuna albamu moja tu mezani. Inaitwa Live, ni CD mbili, ilitoka 2003, na wenyewe ni Blind Guardian wa Krefeld, Ujerumani. Hawa walianza 1984 wakijiita Lucifer's Heritage, wakabadili jina, wakatoa albamu ya kwanza 1988. Kufika 2003 walikuwa na nyimbo za kujaza zaidi ya saa mbili. Walizirekodi kwenye ziara ya 2002 na 2003, leo mji huu, kesho mji mwingine, halafu wakachagua.

Kwa ambaye pawa metali, muziki wanaoupiga hawa, ni ngeni kwake: ni metali ya mwendo kasi, magitaa mawili yanayokwenda sambamba, ngoma za miguu miwili zisizopumua, na kiitikio kipana cha kuimbwa na umati. Hicho kiitikio ndicho nilichokuja kukizungumzia. Studio, Blind Guardian hukijenga kwa kupandisha sauti juu ya sauti. A Night at the Opera ya 2002 imejaa kwaya za aina hiyo. Jukwaani kwaya haipo. Kuna Hansi Kürsch anayeimba, na wenzake wanaoitikia huku mikono ina kazi. Sehemu iliyobaki inaimbwa na ukumbi. Kwa hiyo kwenye rekodi kama hii, maiki zinazowatazama watu ni chombo cha muziki sawa na gitaa. Fundi anayezitundika dakika za mwisho, kwa ajili ya makofi tu, ameshaipoteza nusu ya kwaya kabla onyesho halijaanza.

Sikilizeni kwanza Tokyo Tales, rekodi yao ya jukwaani ya 1993, iliyofanyika Tokyo Desemba 1992. Wakati huo Kürsch aliimba huku anapiga besi. Kuanzia albamu ya 1998 besi alishika Oliver Holzwarth, mpigaji wa kualikwa. Kwenye Live utasikia faida yake: mwimbaji mikono iko huru, anauongoza ukumbi kama mwalimu wa kwaya.

Mfano wenyewe ni The Bard's Song, ule wa msituni, wa mwaka 1992. Magitaa makavu, mwendo wa taratibu, na watu wanauimba karibu wote huku mwenye wimbo amenyamaza. Kwa nini rekodi hiyo inasikika vizuri hivyo, na wimbo wa kasi ukiurekodi kwa maiki zilezile unageuka uji?

Tupige hesabu. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Mtu aliye mita 30 kutoka kwenye spika anausikia mpigo ukiwa umechelewa milisekunde 87. Anaimba kwa kuufuata, na sauti yake inarudi jukwaani baada ya 87 nyingine. Jumla 174. Maiki iliyowekwa ukingoni mwa jukwaa itawapata wa mbele kwa wakati na wa nyuma wamechelewa karibu moja ya sita ya sekunde. Kwenye wimbo wa taratibu huko kuchelewa kunafanya kwaya ionekane nene, na hilo tunalipenda. Sasa chukua mapigo 180 kwa dakika, miguu miwili ikigonga mara nne kwa kila pigo: kati ya mguu na mguu kuna milisekunde 83. Kwa hiyo mguu unaosikika kwenye maiki iliyo mita 30 kutoka kwenye spika unaangukia karibu kabisa juu ya mguu unaofuata. Huo ndio uji.

Dawa yake, weka jozi mbili za maiki au zaidi. Jozi moja ukingoni mwa jukwaa, kushoto na kulia, zikiupa mgongo mfumo wa spika na uso kwa watu. Jozi nyingine ndani ya ukumbi, tuseme kwenye meza ya fundi mitambo, mita 30 kutoka kwenye spika, juu ya vichwa, ili mpiga mluzi mmoja asiuteke wimbo mzima. Pima umbali kwa futi kamba na uuandike, usikadirie kwa macho. Baadaye, kwenye kompyuta, treki (sauti zilizorekodiwa) za ile jozi ya mita 30 zivute zianze mapema kwa milisekunde 87. Angalieni uzuri wake: aliye kando ya maiki amechelewa 87, na aliye mbele aliyeimba kwa wakati, sauti yake imetumia 87 kufika hapo. Ukivuta, wote wawili wanakaa sawa. Anayebaki nyuma ni aliye nyuma ya maiki, na huyo mwacheni, ndiye anayeonyesha ukubwa wa ukumbi. Kisha kata chini ya herzi 120 (mitetemo kwa sekunde) hivi kwenye treki za watu, maana huko kuna besi ya spika zaidi kuliko sauti za watu.

Kosa ninalolisikia kwenye albamu nyingi za jukwaani ni kuwabana watu kwa kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, mpaka makelele yawe mstari mmoja. Ukumbi lazima upande na ushuke. Kwenye wimbo wao Valhalla bendi inamaliza na watu wanaendelea na kiitikio peke yao. Ukiwa umebana sana, pale bendi inaponyamaza umati unafumuka ghafla kama mtu kafungua mlango, na msikilizaji anagundua mkono wako.

Upande wa jukwaa nitapita haraka. Kila maiki ipite kwenye kisanduku cha kugawa sauti chenye transfoma: njia moja kwa mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) ya ukumbi, moja kwa rekodi. Umeme wa volti 48, kwa maiki zinazouhitaji, utoke upande mmoja tu, ule uliounganishwa moja kwa moja. Ukisikia mngurumo wa herzi 50, bonyeza swichi ya kutenga ardhi kwenye kisanduku. Msikate waya wa ardhi kwenye plagi ya umeme, hata siku moja. Mwimbaji ana midomo kwenye chuma. Viwango vya rekodi viache na nafasi, kilele kiwe karibu desibeli 12 chini ya kiwango cha mwisho cha mashine, kwa sababu mpiga ngoma wa metali kwenye majaribio ya mchana siye yule wa usiku.

Kuunganisha miji ndiko kazi ilikolala. Kila ukumbi una mwangwi wake. Makofi ya ukumbi mkubwa yakikatika na kuingia ya ukumbi mdogo, hata mtoto atajua. Njia ni kuacha makofi ya wimbo uliopita yafe yenyewe, sekunde nne au tano, huku ya mji mpya yakipanda chini yake, na kuuficha mshono mahali sikio lina shughuli nyingine: vijiti vinapohesabu, mwimbaji anaposema neno, au utangulizi uliorekodiwa kwenye kanda unapoanza. Usiunganishe katikati ya kiitikio. Watu wa mji mmoja hushuka sauti, wa mwingine hupanda, na magitaa yatakusuta.

Je, kurekebisha studio ni dhambi? Mimi nina msimamo: kilichoharibiwa na waya, rekebisha, kilichoharibiwa na pumzi, kiache. Kebo iliyokatika si tamasha. Lakini ukiimba upya kila mstari, watu watakuwa wanamwitikia mtu ambaye hakuwepo.

La mwisho ni sahani yenyewe. CD hubeba dakika 74 hadi 80, ndiyo maana saa mbili na zaidi zikahitaji mbili. Santuri, kwa dakika kama 22 kila upande, ingehitaji angalau tatu. Sekunde moja ya CD imegawanywa vipande 75, na alama ya kuanza wimbo lazima ikae kwenye mpaka wa kipande. Ukikata faili penginepo, programu hujaza ukimya kidogo, na katikati ya kelele za umati utasikia "tik". Ile nafasi ya sekunde mbili ambayo programu za kuchoma CD huiweka zenyewe kati ya nyimbo, iondoeni. Na mkigeuza kuwa MP3, mjue kodeki (programu inayobana sauti kuwa MP3) huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni mwa kila faili: chagueni programu inayoandika urefu halisi ndani ya faili, na kicheza muziki kinachousoma. Kama hamna, geuzeni kila CD kuwa faili moja ndefu.