Bana nyimbo zako zienee kwenye memori kadi ya GB 8

Hamjambo watazamaji, karibuni Ngamiani, Tanga. Leo tunabana nyimbo zienee kwenye kadi ya GB 8, ile ya kuchomeka kwenye redio ya bajaji au simu ya batani.

Tazama hapa. Huu ni wimbo wa taarabu wa dakika 10, umetolewa kwenye sidii ukiwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Uzito wake MB 100 hivi. Kwa mtindo huo kadi nzima itabeba nyimbo kama 80 tu, na taarabu mnaijua, mashairi hayajaanza fidla zimeshakula dakika mbili.

Fungua programu ya fre:ac, ni ya bure. Buruta folda ya nyimbo, iachie katikati ya dirisha. Ingia kwenye mipangilio, chagua LAME, ndiyo itakayotengeneza MP3.

Sasa tulia, hapa kwenye kilobiti kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya wimbo, ndipo penye kazi. Ukiweka 128, wimbo wetu unashuka hadi MB 10 hivi. Wengi huishia hapo. Kwa taarabu mimi sishauri: fidla zinasikika kama zinapigwa ndani ya maji. Weka 192. Wimbo unakuwa na MB 14 na kitu, na kadi inabeba zaidi ya 500. Kama una rekodi za zamani, za vikundi vya hapa Tanga kama Black Star au Atomic Jazz, na ni za mono, yaani zenye chaneli moja tu ya sauti, chagua mono kwa 96. Unapata MB 7 tu na sauti inabaki safi, maana biti zote zinatumika kwenye chaneli moja.

Chagua folda nyingine ya kuhifadhia, bonyeza kuanza, kanywe kahawa.

Ila usibane tena MP3 iliyokwisha kubanwa! Kilichotupwa mwanzo hakirudi, na safari hii kinatupwa kingine. Hata ukiipandisha kutoka 128 hadi 320, unaongeza uzito bure. Faili za asili zitunze. Zikikujazia kompyuta, zigeuze FLAC, inayobana bila kutupa kitu.

Kadi yenyewe iwe FAT32, yaani mfumo wa kupanga faili kwenye kadi. Za GB 64 kwa kawaida huja na mfumo mwingine, exFAT, na redio nyingi za bei rahisi haziisomi. Nakili, itoe kadi kwa usalama, usiichomoe hivi hivi. Kisha ichomeke redioni ujaribu wimbo wenye fidla nyingi, kabla hujamkabidhi dereva.