Sosi ya nyanya bila sukari, ya kupika kwenye sigiri

Karibuni, watazamaji. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya nyanya ya dukani huwa na takribani gramu 4 za sukari, karibu kijiko cha chai kizima. Na nani hula chipsi kwa kijiko kimoja?

Sukari ile haileti utamu tu. Hushika maji sosi ikawa nzito, na huchelewesha kuoza. Kwa hiyo tukiitoa, kazi hizo lazima zifanywe na moto na siki.

Andaa nyanya kilo 2, zile ndefu zenye nyama nyingi, zilizoiva hadi ndani. Za sokoni mara nyingi zina vumbi jeupe la dawa ya ukungu. Zisugue moja moja kwa maji yanayotiririka. Ongeza karoti gramu 200, vitunguu maji viwili, punje 4 za kitunguu saumu, karafuu 4, chumvi vijiko 2 vya chai na siki mililita 120. Karoti ndiyo italeta utamu.

Tumia sufuria ya stili. Ya alumini huliwa na asidi ya nyanya, na sosi hubaki na ladha ya chuma.

Katakata kila kitu isipokuwa karafuu, weka motoni bila siki, funika kwa dakika 30. Toa karafuu zote kabla ya kusaga, zihesabu, maana zikisagwa zinaweza kuitia sosi uchungu. Saga, chuja mbegu na maganda.

Sasa rudisha jikoni bila kifuniko. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa haraka. Punguza makaa, sambaza majivu juu yake, koroga ukikwangua chini kwa dakika 45 hadi saa nzima. Dondoshea kidogo kwenye sahani baridi: maji yakijitenga pembeni, bado. Usikimbilie unga wa mahindi, utaficha ladha ya nyanya. Dakika 10 za mwisho, tia siki.

Ikikuchachia mno, usitie magadi. Yanaua asidi, na asidi ndiyo mlinzi wetu hapa. Ongeza karoti iliyochemshwa na kusagwa, upike tena kidogo.

Chemsha chupa za kioo dakika 10, jaza sosi ikiwa bado moto. Kwenye friji, itumie ndani ya wiki 3. Usiiache kabatini kama ya dukani, hata ukiifunga vizuri. Huna friji? Pika robo ya kipimo, iishe kesho yake.

Kwa mwenye kisukari: nyanya na karoti zina sukari yake ya asili. Hatujaongeza nyingine, lakini bado pima kwa kijiko.