Baada ya Figo Kuwekwa: Fedha za Kuichunguza Kinga ya Mtoto

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, wanafunzi wangu mliokaa mpaka kwenye ngazi, itifaki imezingatiwa.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nitalisema tena, kwa sababu fedha hazijatoka.

Muhimbili walipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017. Dodoma, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, wakafuata 2018. Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, wakaingia Desemba 2023. Kila mara nilishangilia, na bado nashangilia. Lakini upasuaji ni wa saa chache. Mtoto wa miaka saba akiwekewa figo, tunataka aishi nayo mpaka asome, aoe, alee. Na siku zote hizo kinga ya mwili wake haitachoka kuiuliza figo ile: wewe ni wa nani? Kulichunguza swali hilo ndiko kunakokosa bajeti.

Mwaka jana mfadhili mmoja aliturudishia andiko letu la kuomba fedha za utafiti huo. Limeandikwa vizuri, akasema, ila utafiti wa namna hii ni wa nchi tajiri. Nyinyi shughulikieni malaria kwanza. Nisikilizeni basi, niwape kisa cha Mulago.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji pale Mulago, Denis Burkitt, aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akachapisha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwenye gari la Ford la mtumba, wakaendesha wiki kumi, kama kilomita 16,000, toka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali ya misheni: mmewahi kuona watoto wa namna hii? Walichokigundua ni kwamba uvimbe ule, ambao ni saratani, unafuata joto na mvua. Kwenye nyanda za baridi haupo. Yaani ulikuwa unatembea na malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alihutubia London, na kati ya wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Vikapelekwa. Darubini haikuonyesha kitu, mwezi baada ya mwezi. Hapa nawaomba watu wa Hazina mtege sikio: Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilimpa ruzuku mtu ambaye hakuwa na matokeo, na kwa ruzuku hiyo akawaajiri Bert Achong na Yvonne Barr. Desemba 1963 ukungu uliifunika London, ndege ikageuzwa kwenda Manchester, na sampuli ikachelewa. Ilipofika, maji yake yalikuwa na ukungu pia, kama yameoza. Mtu mwingine angemwaga. Epstein akaweka tone chini ya darubini ya kawaida, akakuta chembe za uvimbe zinaelea, ziko hai. Barr akazikuza. Februari 1964 kirusi kikaonekana, na leo kinaitwa Epstein-Barr.

Mtaniuliza, figo inaingiaje hapo? Inaingia hivi. Kirusi hiki karibu kila mtu mzima anacho. Kinajificha maisha yote ndani ya chembe B, aina moja ya chembe nyeupe za damu, na aina nyingine, chembe T, ndizo askari wanaokilinda kisitoke. Sasa mtoto ambaye hajakutana nacho anapewa figo au ini la mtu mzima, kirusi kimo ndani. Papo hapo tunampa dawa za kushusha kinga, maana yake tunawalaza askari. Chembe B zinazaana bila breki, tezi zinavimba, na uvimbe huo unaweza kugeuka saratani. Tiba ya kwanza ni kupunguza zile dawa, lakini ukizipunguza mwili unaweza kuikataa figo. Daktari anabaki katikati, mama anamwangalia usoni.

Kirusi kilipatikana kwenye uvimbe wa watoto wa Uganda. Lakini tunayoyajua juu ya tabia yake kwa mtoto aliyepandikizwa kiungo, sehemu kubwa yametoka kwa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako wengi hufika ujana hawajakipata. Huku kwetu wengi wanakuwa nacho kabla ya kutimiza miaka mitatu. Je, hiyo ni nafuu kwa mtoto wetu, askari wake wakiwa wameshamjua adui? Au malaria, ambayo inawachosha askari walewale, inaifuta nafuu hiyo? Andiko letu lilitaka kujibu hilo. Aliyeniambia nianze na malaria hakuona kwamba malaria imo ndani ya swali lenyewe.

Wako wanaosema: ngojeni, utafiti wa watu wazima utatufikia. Hapana! Watu wazima wasingetufundisha lililogunduliwa Toronto, Kanada. Kumpandikizia mtu moyo wa kundi la damu lisiloafikiana na lake kulikuwa mwiko, kwa sababu kinga ya mpokeaji huushambulia palepale. Daktari wa moyo wa watoto, Lori West, akawaza juu ya mtoto mchanga: kinga dhidi ya makundi mengine ya damu bado hajaitengeneza. Kuanzia 1996 yeye na wenzake walijaribu, na mwaka 2001 wakatoa taarifa ya watoto kumi. Vifo vya wachanga waliokuwa wakisubiri moyo vilishuka kutoka asilimia 58 hadi 7. Tena walipowafuatilia, waliona miili ya watoto hao imelizoea kundi la damu la aliyetoa moyo, haitengenezi silaha dhidi yake. Mtafiti wa kinga Peter Medawar na wenzake waliliona jambo la aina hiyo kwa vitoto vya panya mwaka 1953. Zaidi ya miaka arobaini! Na lilijulikana kwa sababu kuna waliolipwa kuendelea kuwapima watoto baada ya kidonda kupona.

Muda unanikimbia. Takrolimasi, moja ya zile dawa za kushusha kinga: Waafrika wengi wana kimeng'enya kinachoivunja dawa hii haraka, na watoto wadogo huivunja haraka kuliko watu wazima. Kwa hiyo dozi ya kitabuni inaweza kuwa ndogo kwa mtoto wa Temeke, na hilo linapimika kwenye damu. Chanjo ya surua ina virusi hai, kwa kawaida haitolewi baada ya upandikizaji. Watoto wakamilishiwe mapema. Vijana wanaoacha dawa nimewaandalia kurasa tatu, naziruka.

Tunachoomba ni majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na jenereta ya kuyalinda umeme ukikatika. Tunaomba mishahara ya wauguzi watakaomfuata kila mtoto kwa miaka kumi, pamoja na nauli ya mzazi wake. Tunaomba daftari moja la kumbukumbu za watoto hawa kwa Dar, Dodoma, Nairobi na Kampala, maana kila hospitali peke yake ina watoto wachache mno. Na damu ya kwanza ichukuliwe kabla mtoto hajaingia chumba cha upasuaji. Kila mtoto anayepita bila hiyo, hatuwezi kumrudia.

Naona mwenyekiti amesimama. Suala la bima kulipia vipimo niulizeni kwenye maswali, nina majibu yake.