Chumvi Ndani ya Mtutu: Usafishaji wa Bunduki za Vita za Zamani

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo nazungumzia jambo moja: kile kinachobaki ndani ya mtutu baada ya kupiga risasi za akiba ya kijeshi za zamani, na namna ya kukiondoa kabla hakijala chuma.

Wengi huilaumu baruti. Tatizo liko kwenye fataki, kile kikombe kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda. Fataki nyingi za kijeshi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilitiwa klorati ya potasiamu. Ikilipuka, klorati hugeuka kloridi ya potasiamu, chumvi iliyo jamaa ya karibu ya chumvi ya mezani, nayo hutapakaa kuanzia chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, hadi mdomo wa mtutu. Chumvi hii hunasa unyevu wa hewa. Hali ya hewa ikiwa ya majimaji, asubuhi unakuta mtutu umeshaanza kuota kutu.

Risasi za .30-06 za jeshi la Marekani zilikuwa na fataki za aina hii mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini zile za karabini ya .30, yaani bunduki fupi na nyepesi ya jeshi hilo, hazikuwa nazo tangu mwanzo. Risasi za Kisovieti za 7.62x54R za bunduki ya Mosin-Nagant ziendelee kuhesabiwa kuwa na chumvi, hata zile zilizotengenezwa miaka mingi baada ya vita. Kama hujui asili ya risasi, ichukulie kuwa nayo ni ya chumvi. Kuosha mtutu ambao haukuhitaji kuoshwa hakuna hasara.

Sasa shikeni hili, maana ndipo mitutu mingi mizuri inapopotea: mafuta hayayeyushi chumvi. Unaweza kupitisha vitambaa vyenye mafuta mpaka vitoke vyeupe, na chumvi ikabaki palepale chini ya utando wa mafuta. Kinachoiyeyusha ni maji. Wapo wanaosifu dawa za vioo zenye amonia. Amonia haiigusi chumvi hiyo, kazi inafanywa na maji yaliyomo ndani ya dawa.

Hakikisheni kwanza chemba na kasha la risasi ni tupu, kisha toeni bolti, yaani kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Elekezeni mdomo wa mtutu chini, ndani ya ndoo. Jeshi la Uingereza lilikuwa na faneli maalumu ya kazi hii kwa ajili ya bunduki yake ya Lee-Enfield. Faneli yoyote yenye mrija unaofika ndani ya chemba inafaa, ili maji yasivujie chini ya kitako cha mbao. Mimineni lita moja ya maji yanayochemka, taratibu. Maji baridi nayo huyeyusha chumvi hiyo bila shida, takriban gramu 34 kwa mililita 100. Faida ya maji ya moto ni kwamba chuma hupata joto na kujikausha chenyewe.

Msiondoke hapo. Chuma kilichooshwa bila mafuta huweza kushika kutu ndani ya dakika chache. Pitisheni vitambaa vikavu, kisha dawa ya kawaida ya kutoa masizi na shaba, mwisho mafuta mepesi. Mdeki, yaani fimbo ya kusafishia mtutu, uingie kwa nyuma kila inapowezekana, kwa sababu ukiingia kwa mbele husugua mdomo wa mtutu, na mdomo ukilika shabaha inapotea.

Uso wa bolti na pini ya kufyatulia pia hupata chumvi, basi zifuteni kwa kitambaa chenye maji ya moto, zikausheni, mzipake mafuta. Bolti ya Mosin-Nagant hufunguka bila zana, lakini ukiirudisha lazima upime pini inavyojitokeza: kati ya milimita 1.9 na 2.4. Spana yake ya kijeshi ina pengo mbili za kipimo hicho, 75 na 95, yaani sehemu za elfu moja za inchi. Pini ikizidi hutoboa fataki na gesi ya moto ikarudi nyuma kuelekea usoni. Ikipungua, risasi hailipuki.

Wenye SKS, bunduki ya Kisovieti inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi, wasidanganywe na kromu iliyo ndani ya mtutu. Gesi hupita pia kwenye bomba na pistoni, na huko kutu hukaa bila kuonekana mpaka pistoni inakwama.

Wanaojaza upya maganda ya kale wana hatari nyingine. Baadhi ya fataki za zamani zilikuwa na zebaki, ambayo huingia kwenye shaba nyeupe ya ganda na kuifanya iwe dhaifu, ikavunjika kwa urahisi. Hakuna kuosha kunakolirudishia ganda hilo nguvu. Litupwe.

Jeshi la Marekani liliagiza bunduki isafishwe siku ya kupiga, na tena kwa siku tatu zilizofuata. Nami nashauri mtutu uchunguzwe kesho yake kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudini kwenye maji, si kwenye mafuta.