Injini ya RX-8 Nimefungia Nyumbani: Jibu kwa Mnaouliza Bei

Haya wapendwa, hamjambo? Leo sina mizunguko. Tangu niweke ile klipu ya injini ikining'inia kwenye winchi mbele ya nyumba, kila nikifungua maoni nakuta swali lile lile: "Kaka, imekugharimu shilingi ngapi, na kwa nini hukupeleka gereji?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo nakaa hapa nilimalize.

Najua wapo watakaosema naringa na gari la kispoti. Na wapo watakaosema nalalamika, "kama Ulaya kugumu si urudi." Wote karibuni. Gari lenyewe ni Mazda RX-8 ya 2004, umri wake ni wa kijana wa kuoa. Nililichukua kwa pauni 900 kwa mzee mmoja aliyeshachoka nalo. Hapa Coventry, Uingereza, kuna watu wanaendesha baiskeli za bei hiyo, kwa hiyo hayo maringo sijui yatoke wapi.

Wanaolijua gari hili wanajua ugonjwa wake. Halina pistoni. Ndani mna rota mbili za pembe tatu zinazunguka, na kila ncha ya rota ina sili ya kuzuia hewa isipenye. Sili zikilika, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, inaondoka. Na linakudanganya vizuri: asubuhi linawaka safi, likishapata moto ukazima kituo cha mafuta, ndiyo basi, haliwaki tena. Nimelisukuma mbele ya foleni ya watu wamekunja sura na hakuna hata mmoja aliyeshuka kunipa mkono. Tuliache hilo.

Nikalipeleka kwa jamaa mwenye kipimo cha injini hizi, maana kipimo cha kawaida hakikuonyeshi kila upande wa rota peke yake. Kiwango cha chini kabisa cha Mazda ni kPa 680 (kipimo cha mgandamizo) injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika. Rota yangu ya nyuma haikufika. Hapo ni kubadilisha injini. Wale mnaoniandikia nimwagie dawa ya chupa, nawashukuru, ila mjue hakuna chupa inayootesha sili mpya.

Sasa hela, maana ndiyo mliyoijia. Injini iliyofumuliwa na kusukwa upya: pauni 2,600. Juu yake amana ya pauni 400, unarudishiwa ukiwapelekea injini yako ya zamani. Gereji wakaniambia ufundi wa kutoa na kufunga ni 1,100, na hiyo ni kabla ya kodi ya asilimia 20. Pigeni wenyewe, ni 1,320. Pauni moja mnaijua inavyocheza juu ya shilingi elfu tatu za kwetu Tanzania. Ufundi unazidi bei ya gari! Nikasema hapana. Winchi nilikodi kwa wikiendi, pauni 45. Stendi nikaazima, na spana nilikuwa nazo.

"Si ungenunua jingine?" Jingine lipi? RX-8 ya pauni 900 inakuja na ugonjwa ule ule, ila umefichwa na mwenyewe. Na mnaoniambia ingekuwa Gerezani, kule kwa mafundi wa Dar, ingefungwa kabla ya jua kuzama, sibishani nanyi kabisa. Ila mimi siko Gerezani.

Kufungua mabomba na waya siwaelezi, mafundi humu mnanizidi. Nitasema kitu kimoja tu, nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Injini iliyosukwa inakuja uchi, flaiwili unaihamisha kutoka kwenye ile mbovu, na imeshikwa na nati moja ya katikati, milimita 54. Yaani hiyo soketi yake ukiishika inajaza kiganja. Na nati imekazwa juu ya gundi, haitoki kwa kubembelezwa. Nilifunga chuma cha pembe kuizuia flaiwili isizunguke, nikaipasha nati kwa moto wa gesi, nikachomeka bomba la chuma linalonizidi urefu kwenye mkono wa spana. Tukaning'inia mimi na jirani yangu Mpolandi, mtu wa kilo mia na ushee. Hola. Tukapasha tena. Tukaning'inia tena. Mara ikalia "ka!", jirani akaenda kukaa kwenye majani. Kwenye video mlicheka, lakini hapo ndipo gereji wanapokula ile hela yao, na siku ile niliwaelewa.

Makaratasi sasa. Kwanza, gari lisilotembea huwezi kuliacha tu. Ama ulilipie kodi ya barabara na bima, ama ulitangaze SORN, yaani liko nje ya barabara. SORN ni bure, unafanya mtandaoni, na miezi kamili ya kodi iliyobaki wanakurudishia. Lakini hapo haliruhusiwi kukanyaga barabara ya umma, hata kuegeshwa. Lazima uwe na eneo lako.

Mimi eneo ninalo, ila nyumba ni ya kupanga, na mkataba unasema usitengeneze magari hapo. Niliomba ruhusa kwa barua. Wakala wa mwenye nyumba akanijibu nilipe kwanza "ada ya kushughulikia ombi." Jamani! Bomba la jikoni limevuja majira yote ya baridi, hilo ombi halina wa kulishughulikia, lakini langu la injini limepata ada siku hiyo hiyo. Nikampigia mwenye nyumba mwenyewe, akasema tandika turubai, usimwage oili. Imeisha. Oili chafu nikapeleka kituo cha taka cha halmashauri, wanaipokea.

Pili, namba ya injini. Injini nyingine ina namba nyingine iliyogongwa kwenye chuma, na DVLA, wasajili wa magari wa huku, lazima wajue. Unajaza kwenye V5C, hiyo ndiyo kadi ya gari ya huku (ingawa yenyewe imeandikwa kabisa kwamba si uthibitisho wa umiliki), unaituma kwao Swansea kwa posta pamoja na risiti ya injini. Hakuna malipo. Adha ni kwamba risiti yangu ya kwanza ilikuja bila namba, imeandikwa "injini moja". Kuwabembeleza wauzaji waandike ile namba kumenitoa jasho kuliko ile nati, nawaambia kweli.

Bima nao niliwapigia. Injini ni ya aina ile ile, nguvu ile ile, hakuna nilichoongeza. Bado nikarushwa idara hadi idara, mwishoni wakakata ada ya kubadilisha taarifa. Ukaguzi wa MOT, ule wa kila mwaka wa usalama wa gari, hauvuki pauni 54.85, na ukiwa na miadi na bima unaruhusiwa kuliendesha kwenda huko hata likiwa kwenye SORN. Likapita.

Sasa nina dukuduku. Klipu ile imefika kwenye kundi la kamati ya harusi ya binamu yangu, mtu akaandika, "Huyu anafunga injini mpya, mchango katoa elfu hamsini." Ndugu yangu, unajijua. Nalala mchana kwa sababu usiku niko ghalani napanga maboksi. Ile injini nimeiwekea akiba tangu kabla binamu hajamjua huyo mchumba. Elfu hamsini ndiyo niliyokuwa nayo. Nimemaliza.

Wanaotaka kununua RX-8 huku: haya ni yangu mimi na mfuko wangu, usije ukasema nimekushauri. Ila angalia tarehe ya usajili. Iliyosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 kodi yake ya barabara ina kikomo, ila kwa zilizosajiliwa kuanzia hapo, ile yenye nguvu zaidi inaangukia kundi la juu kabisa la kodi hiyo. Na oili inakula kwa kuumbwa, inaidunga yenyewe kulainisha sili, kwa hiyo ukijaza mafuta chungulia na kijiti. Wa Marekani na Ujerumani, sheria zenu ulizeni huko huko.

Sasa hivi naliendesha kwa adabu, aliyeisuka kaniambia maili 1,000 za mwanzo nisivuke mizunguko 4,000 kwa dakika. Amana yangu bado wameishikilia, wanadai kasha la rota la injini niliyowarudishia lina ufa. Picha nilizopiga kabla ya kuipakia hazionyeshi ufa wowote. Nimewatumia, nasubiri jibu, na wakijibu nitawasomea hapa hapa.