Ngozi Ina Kiu: Mekapu ya Bei Nafuu Ukishavuka Miaka Hamsini

Hamjambo mama zangu, hamjambo dada zangu. Karibuni tena sebuleni kwangu hapa Umoja, Nairobi. Leo sikuketi peke yangu. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mama Wanjiku, ana miaka 61, na saa nne anaondoka kwenda Limuru kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, ya binti ya dada yake. Wiki iliyopita tulipokutana kwenye ngazi aliniambia neno ambalo nimelisikia kwa wanawake wengi wa rika letu: "Nikijipaka poda naonekana nimezeeka kuliko nikiacha uso wangu ulivyo." Nikamwambia aje leo asubuhi, tufanye mbele yenu.

Neno lake ni kweli, na lina sababu. Hedhi ikishakoma, ngozi hupoteza haraka kolajeni, ile protini inayoishikilia, takriban asilimia 30 katika miaka mitano ya kwanza. Mafuta yake yenyewe nayo hupungua. Ngozi ya namna hiyo haishiki maji. Ukiweka faundesheni na poda juu yake, inavuta unyevu uliomo kwenye rangi, halafu unga unabaki umelala ndani ya kila mkunjo kama vumbi kwenye nyufa za ukuta. Kosa si la Mama Wanjiku wala si la miaka yake. Ngozi ina kiu, nasi tumekuwa tukiipa unga. Kwa hiyo leo muda mwingi utakwenda kwenye kunywesha, na rangi itakuja mwishoni, kidogo.

Kwanza kaa ukitazama dirisha. Usiligeuzie mgongo, na usitegemee balbu ya bafuni. Watu watakuona kwenye mwanga wa mchana.

Hapa mezani nina vitu vinane tu: sabuni ya maji ya kuoshea uso isiyo na manukato, chupa ya glisirini, kikopo kidogo cha Vaseline, losheni ya kukinga jua, faundesheni moja, lipstiki moja, penseli ya kahawia, na poda ambayo tutaigusa kidogo sana. Vyote nimevitoa supamaketi, kwa kemisti, na kwenye maduka ya vipodozi ya Dubois Road kule mjini. Glisirini ilikuwa chini ya shilingi 200. Kilichonigharimu zaidi ni losheni ya jua, na hicho ndicho ambacho singekubali kukipunguza hata mfuko ukiwa mwepesi. Afadhali niache faundesheni.

Kabla hatujaanza, geuzeni kila chupa mtazame alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini ya alama kuna namba. Andika SM# ukifuatisha namba hiyo, tuma 20023, utajibiwa kama bidhaa imesajiliwa. Nalisisitiza hili kwa sababu liliwahi kunipata. Nilipokuwa na miaka 41 nilinunua krimu ya kuondoa madoa katika duka moja mjini. Muuzaji aliipakua kutoka kwenye ndoo akaitia kwenye kikopo kisicho na jina. Wiki ya tatu uso uling'aa, kanisani wakanisifu. Mwezi wa nne nikitoka juani mashavu yanawaka, na vimishipa vyekundu vikaanza kuonekana hapa karibu na pua. Nikaacha. Madoa yakarudi meusi kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi aliniambia ndani kulikuwa na dawa ya steroidi, ile inayofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi. Zebaki na hidrokwinoni nazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya, lakini bado zinauzwa chini ya meza. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na orodha ya vilivyomo, iacheni dukani. Tafadhalini sana.

Haya, tuoshe. Maji vuguvugu, si ya moto, hata kwa baridi hii ya Julai. Mama Wanjiku ameoga kwa sabuni ya kipande miaka yote, na kwa mwili haina shida kubwa. Usoni ni tofauti. Ngozi yenyewe ina asidi kidogo, na sabuni nyingi za kipande ni alkali, ndiyo maana ukimaliza kuosha unahisi uso umekazwa. Huko kukazwa ndiko kukauka. Tone moja la sabuni ya maji, zungusha kwa vidole, suuza. Usisugue kwa taulo. Gandamiza hivi, uache uso ukiwa bado na majimaji.

Hapo hapo, kabla hayajakauka, glisirini. Sogeeni karibu muone kiganja changu. Matone mawili ya glisirini, matone matano au sita ya maji, nachanganya kwa kidole mpaka isinate tena. Glisirini kazi yake ni kuvuta maji na kuyashikilia. Ukiipaka tupu kwenye ngozi kavu, na hewa nayo ni kavu, itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe, na utabaki mkavu zaidi. Wengi husema glisirini iliwaharibu, kumbe hawakuwahi kuichanganya na maji. Naweka kwenye mashavu, paji, na shingo. Shingo, mama zangu! Tunaisahau mpaka isimulie umri wetu peke yake.

Sasa Vaseline. Kiasi cha punje moja ya minji, nasugua kati ya vidole mpaka iyeyuke, halafu nagusagusa tu pale ngozi ilipo kavu sana: chini ya macho, kando ya mdomo, na kwenye midomo yenyewe. Vaseline yenyewe haina maji. Kazi yake ni kufunika, ili maji tuliyoyaweka yasitoke. Kama una ngozi ya mafuta, ruka hatua hii asubuhi uifanye usiku. Subirini dakika tatu. Mama Wanjiku anakunywa chai yake.

Hebu mtazameni hapa shavuni anaponywa hiyo chai. Mnaona? Ile mistari midogo iliyokuwa kama karatasi iliyokunjwa imelainika, na bado hatujaweka rangi hata tone.

Losheni ya jua. Najua mtaniambia, "Dada, leo hata jua halijatoka." Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyuzi moja tu na kitu kusini mwa ikweta. Miale inatufikia ikiwa na nguvu, na mawingu ya Julai hayaizuii yote. Ile inayozeesha ngozi, UVA, inapita hata kwenye kioo cha dirisha la matatu. Wanawake weusi tumeambiwa kwamba hatuhitaji. Tuna kinga ya asili, ndiyo, lakini madoa meusi mashavuni yanalishwa na mwanga kila siku, na hakuna krimu ya madoa itakayofaulu kama unatoka nje bila kinga. Nunua yenye SPF, yaani kipimo cha kinga, ya 30 au zaidi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayochoma ngozi, ukiipaka ya kutosha. Ya kutosha ni hii: mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada, mmoja kwenye cha kati, kwa uso na shingo. Kama inaacha weupe kama majivu, tafuta iliyotiwa rangi ya kahawia. Ile rangi hutokana na oksidi ya chuma, na kwa wenye madoa ni faida nyingine, maana inazuia pia sehemu ya mwanga wa kawaida unaoyachochea. Ukikaa nje, rudia kila saa mbili. Mama Wanjiku atabeba yake mkobani, sherehe iko chini ya hema lakini atatembea.

Nasubiri dakika tano nyingine, maana rangi ikiwekwa juu ya losheni mbichi inaviringika kama vifutio vya shule.

Faundesheni. Rangi yake tuliichagua wiki iliyopita, na hatukuichagua ndani ya duka. Tulipaka mstari mmoja kwenye taya, tukatoka mlangoni kwenye mwanga, tukangoja dakika kumi, kwa kuwa rangi nyingi hubadilika zikikutana na hewa. Wengi wetu paji limekolea kuliko kifua. Usifuate paji, wala usifuate kifua. Fuata taya. Nunua ya majimaji au ya krimu, inayoacha ngozi ikimeremeta kidogo. Ikiandikwa kwamba inakausha mafuta, hiyo ni ya mabinti zetu.

Naweka matone mawili nyuma ya mkono, na tone moja la mchanganyiko wa glisirini. Sponji imeloweshwa ikakamuliwa mpaka haidondoki. Naanza katikati, kando ya pua, nikigonga kuelekea nje, na nikifika pembeni sponji haina kitu. Siburuti, nagonga. Kwenye kope siweki. Hivi vipele vidogo vyeusi vya mashavuni sivifuniki pia. Wengi wetu tunavyo, mara nyingi ni vya kurithi na havina madhara, na hakuna krimu inayovitoa. Msivifunge uzi wala kuvikata kwa wembe. Kikikukera, daktari wa ngozi anakitoa kwa dakika chache. Ila kikibadilika rangi, kikikua haraka, au kikawa kidonda kisichopona, hospitali, na usingoje.

Sasa jambo moja ambalo ningependa mlishike. Tunangoja dakika mbili, nikimwambia acheke. Akicheka, rangi inaingia kwenye mistari ya chini ya jicho. Tazameni, hii hapa, mstari mwembamba wa kahawia. Nachukua kidole cha pete kikiwa kitupu, nagonga juu yake mara tatu, umeondoka. Watu wengi hufika hapa wakaweka poda haraka, na poda ndiyo inayoufunga ule mstari mpaka jioni. Nitawaonyesha: shavu la kushoto naweka poda kama alivyozoea, la kulia naliacha. Mama Wanjiku, jitazame. Amesema, "Hili la kushoto ni la shosho wangu," yaani nyanya yake. Nalifuta kwa sponji yenye unyevu tuendelee. Poda yake ni hapa tu, pembeni mwa pua na kidevuni, kwa brashi ndogo.

Mashavu. Lipstiki ile ile, hii ya rangi ya matofali, itafanya kazi mbili. Naigusa kwa kidole, naipaka juu ya mfupa wa shavu. Si pale kwenye duara la tabasamu, maana uso ukipumzika lile duara linashuka na rangi inashuka nalo. Weka juu, ivute kuelekea kwenye nywele.

Nyusi zetu huanza kupotea mwishoni, upande wa sikio. Penseli ya kahawia iliyokolea, si nyeusi, na usichore mstari mmoja. Chora vijistari vifupi kama unywele mmoja mmoja. Inachukua subira na inabadilisha uso wote kuliko chochote kilichoko mezani hapa. Penseli hiyo hiyo, mstari mwembamba kwenye kope ya juu, pale nywele zake zinapoota, basi. Chini siweki kitu, kunavuta jicho chini. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimekulia kwenye wanja wa manga, na nyanya yangu aliupaka mpaka mwisho wa siku zake. Lakini baadhi ya wanja huo una madini ya risasi ndani, na jicho ni mlango. Nauacha, na msimpake mtoto.

Midomo. Tulipaka Vaseline mwanzoni, sasa naifuta kwa tishu. Natumia ile penseli kuzungusha ukingo, ili rangi isikimbilie kwenye mistari ya juu ya mdomo, halafu lipstiki kwa kidole. Busu tishu mara moja. Umemaliza.

Usiku atakaporudi amechoka, asilale nayo. Mafuta kidogo ya nazi kwenye pamba, afute, ndipo aoshe kwa sabuni ya maji na arudie glisirini na Vaseline. Anayetaka kuongeza kitu kimoja cha kupunguza mikunjo, atafute retinoli, aina ya vitamini A ya kupaka. Usiku tu, kiasi cha punje ya minji, mara mbili kwa wiki, mbali na kope. Ikiwasha, punguza. Usiihukumu kabla ya miezi mitatu. Aliye mjamzito asiiguse.

Mama Wanjiku, simama dirishani wakuone. Geuka kidogo. Hapo. Ukitoka jasho, gandamiza kwa tishu, usiongeze poda. Losheni ya jua umeweka mkobani? Vizuri. Funga kitambaa chako polepole kisiguse shavu, ukawahi matatu za Limuru kabla hazijajaa, na utusalimie bibi harusi.