Wamekubali au Hawana Pa Kukimbilia?

Haya jamani, sogeeni mbele, viti vipo. Mada ni wanafunzi na walimu wa vyuo kuyakubali masomo ya mtandaoni, na naanza na ugomvi kabisa: mwalimu anayegoma sio lazima awe mshamba wa kompyuta.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alitoa ile modeli ya kukubali teknolojia, wengi wenu mmeibandika kwenye tasnifu (msicheke, nimesahihisha mimi). Alisema mtu anaangalia mawili, hiki kitu kina faida kwangu, na je ni rahisi kukitumia. Sasa tunachosahau ni kwamba kwenye data zake mwenyewe faida ndo ilikuwa na nguvu kuliko urahisi. Yaani programu ngumu yenye faida mtu atakomaa nayo, ila rahisi isiyomsaidia haigusi. Halafu chuo kinamfanyia nini mwalimu? Semina ya siku mbili, bonyeza hapa, pakia pale, cheti, kwaheri. Masaa ya kurekodi somo na kujibu meseji usiku wa manane hayahesabiwi popote kwenye mzigo wake wa kazi, sasa faida aione wapi?

Wanafunzi nao. Mwaka 2020 corona imetufungia ndani, naongea na viboksi vyeusi arobaini hivi, nauliza swali, kimya, nauliza tena, mmoja anafungua maiki inasikika mtoto analia, anafunga. Nikakasirika, nikasema hawa wamelala. Baadae mmoja akaniandikia, "Ticha nilikuwepo, kamera inakula bando, na swali niliuliza kwenye chati." Nikaenda kuangalia, kweli, maswali sita yamekaa pale, mimi nilikuwa nimekodolea slaidi zangu tu, chati sijaifungua hata mara moja.

Sasa ungeniletea dodoso siku ile ningejaza "nakubali", na yeye angejaza hivyo hivyo, maana tungefanyaje, milango ya chuo imefungwa! Mtafiti Venkatesh na wenzake mwaka 2003 walishatenganisha anayetumia teknolojia kwa hiari na anayelazimishwa, wakaona maneno ya watu na wakubwa yanamsukuma yule wa kulazimishwa. Kwahiyo mkileta asilimia za kukubali, mimi nitauliza kwanza, alikuwa na njia nyingine?

Naona mikono, anza wewe dada wa nyuma.